Maneno Yasiyogongewa Meza

Siku ya kuutoa mtambo wa kuchapia ilibidi wabomoe ukuta. Sisi wa chumba cha prufu, wakaguzi wa kurasa, tulisimama dirishani tukautazama unavyovutwa kwa minyororo, unakwama, unavutwa tena, kama ng'ombe aliyeshtukia anakopelekwa. Mwenzangu wa meza, mama mmoja asiyecheka ovyo, akavua miwani akasema, "Haya. Huyo kaondoka. Bado sisi."

Hakukosea. Gazeti likahamia mtandaoni, likabaki kuchapwa mara moja kwa wiki kwenye mtambo wa kukodi, na mwenzangu akaenda kwa mwanawe kulea wajukuu. Mimi sikuwa na wa kumlea. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kiguu na njia: nimeuza sabuni stendi, nimelinda maghala, nimepaka rangi mabehewa. Hata shule niliisoma njiani. Darasa la kwanza mji mmoja, la tatu mji mwingine, la pili sijaliona mpaka leo. Kazi pekee iliyonikalisha kitako ni ile ya kusoma kwa sauti, na sikuwa tayari kuiachia eti kwa sababu watu wameanza kupata habari kwenye kioo cha simu.

Nieleze kazi yenyewe. Zamani ukurasa haukuchapwa mpaka watu wawili waukague. Mmoja anashika karatasi ya mwandishi, anaisoma kwa sauti. Mwingine anafuata kwa kalamu kwenye ukurasa uliopangwa, akitafuta kilichoachwa na kilichochomekwa. Msomaji nilikuwa mimi, maana sauti yangu ni ya kuitia abiria. Nikifika mahali ambapo mwandishi ameweka maneno ya mtu kama yalivyomtoka mdomoni, nagonga meza kwa vifundo vya vidole. Ko. Maneno yakiisha, ko tena. Basi mwenzangu anajua: hapa katikati tusiguse, hapa si petu, hapa ni pa mwenye mdomo wake. Hatukubuni sisi. Tuliikuta kwa waliotutangulia, na ile meza ya mbao ngumu ilishabonyea mahali pa kugongea, kibonyeo kinang'aa kama kisigino kilichosuguliwa.

Wazo la gazeti la sauti lilitoka kwa mhariri wa mtandaoni, na hilo nampa haki yake. Tulimwita Mshale. Katika chumba cha habari alitundika kioo kikubwa kinachoonyesha watu wanasoma nini, na pembeni yake pana mshale: wa kijani ukipanda, mwekundu ukishuka. Ukipanda, bwana anatembea anapiga miluzi. Ukishuka, hata salamu haitikii. Alikuwa ameng'amua kwamba wako watu wengi ambao mikono yao haina nafasi ya kushika simu: mafundi cherehani, vinyozi, wapishi, madereva, watu wa kufua. "Hawa wana masikio," alisema. "Tuwasomee." Alinikuta kwenye korido nimekumbatia boksi la vitu vyangu, naondoka.

"Mzee, ile sauti yako ya stendi bado unayo?"

"Inaniwasha," nikamwambia.

Studio yetu ilikuwa kile chumba cha giza cha kusafishia picha, enzi za filamu. Bado kilinuka dawa. Fundi sauti, dada mmoja tuliyemwita Mama Pacha, alibandika trei za mayai kutani akatundika blanketi mlangoni. Meza nikaidai ile ile ya prufu. Tuliing'oa miguu, tukaipitisha kiubavu, tukairudishia miguu humo ndani, na ikakaa kama imezaliwa pale.

Asubuhi ya kwanza nilisoma habari ya mgomo wa wauguzi. Nilipofika kwenye maneno ya kiongozi wao, mkono ukaenda wenyewe. Ko.

Mama Pacha akavua hedifoni. "Nini hicho?"

"Kipi?"

"Umegonga meza. Masikio yangu yanalia kengele."

"Kwani nimegonga?"

"Mzee wangu, umegonga kama polisi!"

Tukarudia. Nikagonga tena. Akanifunga mkono kwa skafu yake. Nikagonga kwa goti, chini ya meza. Mwisho saa ya kutoa gazeti ikatukuta tunabishana, likaenda hivyo hivyo na makelele yake.

Mchana Mshale akaja anahema. Wasikilizaji walikuwa wanauliza nani anabisha hodi. Wengine walikwenda kufungua milango yao wakakuta hakuna mtu. "Hiyo ni kelele, Mzee," akasema. "Hatuko gereji." Akaamuru taulo lilazwe juu ya meza, na kwa muda nikawa nasoma kama mtu aliyekatwa kidole, nikifika kwenye maneno ya mtu najikwaa.

Sasa watu wakaanza kuuliza tena, safari hii kinyume. Mgongaji yuko wapi? Kinyozi mmoja alituma sauti, nyuma yake mashine ya kunyolea inanguruma: "Jamani, mimi nilishamwelewa. Akigonga, ni mtu mwenyewe anasema. Asipogonga, ni gazeti linasema. Sasa mmeondoa, sijui nani ni nani. Mrudisheni mzee wetu." Mshale wa ukutani ulikuwa mwekundu siku hizo. Bosi akaja akaliondoa taulo kwa mkono wake.

"Gonga, Mzee. Gonga mpaka ivunjike."

Tangu hapo nikaitwa Mzee Gonga, na mimi nikavimba kichwa kidogo. Nikawa sikubali kugonga mpaka nimuulize mwandishi, "Umemsikia kwa masikio yako?" Wengine waliudhika. Lakini walipiga ile simu moja ya ziada kabla ya kunikabidhi habari. Hawakunipenda, walichoka kubishana na mimi.

Mmoja ambaye sikuhitaji kumuuliza ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, mwandishi wa habari za mjini. Alipokuwa mdogo alikuwa akitoka shule anakuja prufu, analala chini ya meza hiyo hiyo mpaka mama yake amalize kazi. Anasema kugonga kule ndiko kulikombembeleza. Huyo aliletwa na usingizi kwenye uandishi.

Siku ninayotaka kuisimulia, alikuwa ametoka kuandika juu ya jengo la mafundi cherehani, lile la ghorofa moja nyuma ya soko. Kampuni moja ilitaka libomolewe, pajengwe maegesho ya magari. Mpwa wangu alishinda humo kutwa nzima, katikati ya cherehani na mabaki ya vitambaa, akazungumza na mwenyekiti wao, mwanamke wa makamo anayeitwa Mama Mkasi. Jioni alinipitia nyumbani akanisomea alichoandika. Mama Mkasi alikuwa amesema, "Hatutoki. Waje wapime wanavyotaka, sisi tutaendelea kushona."

Asubuhi nikakaa mezani, Mama Pacha akanifungulia habari kwenye kompyuta. Jina la mpwa wangu liko juu. Chini yake nikaona hivi: "Tumeshauriana na kampuni, tumeridhika, na tunahama kwa furaha," alisema mwenyekiti wa mafundi hao.

Nikasoma mara ya pili, nikidhani ni macho.

"Niitie mpwa wangu," nikamwambia Mama Pacha.

Akaja, macho mekundu. Akasimama kwenye blanketi la mlangoni, haingii wala hatoki.

"Hii umeandika wewe?"

"Jina ni langu, Mjomba."

"Sikuulizi jina."

"Jana jioni ilikuja taarifa ya kampuni. Mshale kaichukua kaibandika juu ya yangu. Eti tovuti zote zimeiweka, sisi peke yetu ndio tutabaki nyuma. Na lile tangazo lao si unaliona, liko juu ya kila ukurasa wetu."

"Mama Mkasi alisema haya?"

"Alisema hatoki! Nimemrekodi, sauti ninayo kwenye simu. Nimemwambia bosi. Kanijibu nikitaka kubishana nikabishanie nyumbani, tena nikapumzike huko moja kwa moja." Akafuta pua kwa mkono wa blauzi. "Mjomba, wale wanasikiliza. Kila asubuhi wanaweka simu katikati ya meza ya kukatia, wanashona wanakusikiliza wewe. Sasa hivi wanasubiri. Watasikia jina langu, halafu watasikia hayo. Nilikalishwa kwenye kiti chao, nikanywa maji yao. Nitapita wapi tena mji huu na kalamu mkononi? Nani atafungua mdomo mbele yangu?"

Hapo hapo blanketi likafunguliwa. Mshale.

"Mbona hamjaanza?"

"Bosi," nikasema, "haya maneno hayana mwenyewe."

"Yamo kwenye taarifa rasmi."

"Taarifa haina mdomo."

"Mzee, sikiliza." Akashusha sauti, na niseme kweli, haikuwa sauti ya mtu mbaya. Ilikuwa sauti ya mtu ambaye hajalala vizuri. "Tangazo lile likiondoka, watu wangapi humu watamwaga unga? Unadhani mimi napenda? Kazi yako ni kusoma. Neno usiongeze, neno usipunguze. Basi."

"Neno nisiongeze, neno nisipunguze."

"Ndiyo."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Sawa, bosi."

Mpwa wangu alinitazama kama mtu aliyeuzwa na ndugu yake. Akageuka akaenda zake. Mama Pacha naye akavaa hedifoni bila kuniangalia, akahesabu kwa vidole, taa nyekundu ikawaka.

Nikasoma. Nilianza na habari ya maji kukatika upande wa juu wa mji. Msemaji wa idara akasema lake, nikamgongea mwanzo na mwisho. Nikaja kwenye habari ya mafundi. Nikasoma kichwa, nikasoma jina la mpwa wangu, taratibu, bila kulimeza. Nilipofika kwenye yale maneno, mkono wangu niliulaza juu ya meza, kiganja chini, kama paka aliyelala. Nikaacha nafasi ya kugonga, nisigonge. Nikasoma, "Tumeshauriana na kampuni, tumeridhika, na tunahama kwa furaha." Nikaacha nafasi nyingine. Mama Pacha alinyanyua uso, midomo imefunguka. Nikaendelea na habari iliyofuata, ya mechi, na kocha nikamgongea vizuri kabisa, ko na ko, asije mtu akadhani mkono umekufa ganzi.

Mama Pacha akalituma gazeti, na hatujamaliza hata kukunja nyaya, sauti za wasikilizaji zikaanza kuingia.

"Mbona pale kwa mafundi hajagonga?"

"Mzee Gonga, ulisinzia, au yale maneno hayana baba?"

Yule kinyozi wetu hakusema mengi. Alizima mashine yake kwanza, tukasikia ikizima, ndipo akasema, "Kuna mtu anadanganya hapo. Na si mzee."

Mpwa wangu alirudi mbio kutoka chumba cha habari, akasimama mlangoni ameziba mdomo kwa viganja viwili. Nyuma yake Mshale, uso umemkunjamana.

"Umenifanyia nini?"

"Nimesoma. Pitia mwenyewe, hakuna neno lililopungua."

"Hukugonga!"

"Kugonga si neno, bosi. Wewe ulisema ni kelele."

Mama Pacha akajifanya anakohoa.

"Rudia," Mshale akasema. "Soma tena, na hapo ugonge."

"Kusoma nasoma. Kugonga, sigongi."

"Nakuamuru."

"Umeniajiri sauti. Mkono nimekuja nao kutoka nyumbani."

"Nitakufukuza, Mzee, nakuapia."

"Nimefukuzwa na watu wakubwa kuliko wewe, tena kwenye miji mizuri kuliko huu. Njia nazijua. Mkono huu haugongi neno ambalo halikusemwa. Kama unalitaka sana, meza hiyo hapo. Gonga mwenyewe."

Nilidhani atatukana. Kumbe bwana akasogea mezani kweli, amekasirika mpaka shingo imevimba, akachomoa kalamu mfukoni. Nikasoma tena ile habari moja. Ilipofika zamu yake akagonga kwa kalamu. Ti. Mwishoni, ti. Akaamuru itumwe badala ya ile ya kwanza.

Ndipo mambo yalipoharibika moja kwa moja. "Huyo siye!" watu walipiga kelele. "Huyo anadonoa kama kuku!" "Mgongaji mmemfanya nini? Mmemfungia chooni?" Dereva mmoja alisema amesimamisha lori kando ya barabara asikilize mara mbili, na anaapa hiyo ni kalamu. Watu wakaanza kutumiana sauti zote mbili, yangu yenye ukimya na ile ya ti, wanazipanga moja baada ya nyingine. Kule ukutani mshale ulikuwa wa kijani kibichi na umepanda mpaka umekosa pa kwenda. Mshale mwenyewe alisimama chini yake, mikono kiunoni, hajui apige mluzi au alie.

Bado amesimama pale, mlango mkubwa ukafunguliwa. Wakaingia mafundi, futikamba shingoni, nyuzi za rangi zimewanata nguoni. Mbele yao Mama Mkasi. Hakuwa mtu mkubwa, lakini chumba kilisogea kumpisha.

"Ni nani humu," akauliza, "aliyeongea kwa mdomo wangu?"

Macho yake yakamfikia mpwa wangu. "Wewe binti. Si ulikaa kwangu?"

"Nilikaa, mama."

"Nilikwambia nimeridhika?"

Mpwa wangu alipanda juu ya kiti. Sijui kwa nini kiti. Nadhani alitaka kitu cha kushikilia, akajikuta yuko juu yake. Akainua simu yake akaifungulia mpaka mwisho. Ikatoka sauti ya Mama Mkasi, na cherehani nyuma yake: "Hatutoki. Waje wapime wanavyotaka, sisi tutaendelea kushona."

"Hicho ndicho nilichoandika," akasema, mbele ya chumba kizima. "Kilichotoka leo si changu. Bosi, ondoa jina langu pale, au niondoke nalo."

"Shuka chini," Mshale akasema polepole. "Shuka. Tunaifuta. Nabonyeza mara moja tu, habari haipo, hakuna atakayeiona tena. Mama, tumeelewana?"

"Ufute?" Mama Mkasi akacheka, kicheko kikavu. "Mji mzima umeshasikia nimeridhika. Wateja wananipigia simu wachukue nguo zao kabla sijahama. Ukifuta, wewe umesafika. Mimi nabaki nimeridhika! Hapana, baba. Mlisema kwa sauti, mtakanusha kwa sauti. Nipeleke kwa huyo mzee."

"Niko hapa, mama," nikasema. "Karibu ndani. Kuna harufu kidogo, usijali."

Tukaingia. Mafundi wengine walibanana mlangoni mpaka blanketi likaanguka. Mama Pacha akamsogezea maiki, akamwonyesha umbali. Taa ikawaka. Nikasema, "Hili ni gazeti la sauti. Asubuhi tulisoma maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Haya yanayofuata yanasemwa na mwenyewe." Nikainua mkono nigonge.

Akanishika kifundo. "Unataka kufanya nini?"

"Kukugongea, mama. Ndivyo tunavyofanya."

"Thubutu! Maneno yangu, nagonga mwenyewe."

Kidoleni alikuwa bado amevaa subana, kile kichuma cha kumkinga fundi asichomwe na sindano. Akakishusha juu ya meza. Ka! Mama Pacha aliruka kwenye kiti.

"Hatujashauriana na mtu," akasema. "Hatujaridhika. Hatutoki. Mwenye nguo kwangu aje siku tuliyopatana, atazikuta, na mimi atanikuta." Akafikiri kidogo. "Na huyo anayeandika majibu ya watu kabla hajawauliza, siku moja aje kwangu nimshonee suruali bila kumpima. Tuone kama atakaa."

Ka!

Mafundi walishangilia kama goli limeingia. Mama Pacha aliweka kidole juu ya kitufe cha kutuma, akamtazama Mshale aliyekuwa amesukumwa mpaka kwenye ukuta wa trei za mayai. "Bosi, niitume?"

Mshale alifungua mdomo. Sijui angesema nini, na Mama Pacha hakusubiri kujua. Akabonyeza.

"Lo," akasema, "imeenda."

Watu walipotawanyika, Mshale alibaki mlangoni anaokota blanketi. "Mzee, kesho usije. Tunaleta sauti ya mashine. Inasoma kila kitu, haina maneno."

"Kesho nitakuja," nikasema.

Na nikaja. Tangazo la kampuni halikuwepo tena juu ya kurasa zetu. Mahali pake palikuwa peupe kama jino lililong'oka. Mshale alikuwa amekaa kwenye kiti changu, kompyuta mbele yake, masikio yamefunikwa na hedifoni.

"Mashine imefika," akasema bila kunitazama. "Nimeijaribu tangu alfajiri."

"Inasoma?"

"Inasoma vizuri. Haikosei." Akavua hedifoni. "Nimeipa zile habari mbili za mafundi. Imesoma 'tumeridhika', ikasoma 'hatutoki'. Sauti ile ile. Haijali hata kidogo."

Alikuwa anasugua kile kibonyeo cha mezani kwa kidole gumba. Kando yake palikuwa na vishimo viwili vipya, vidogo, vya subana.

"Wataniletea tangazo jingine," akasema. "Na taarifa nyingine. Hilo ulijue."

"Najua."

"Na mimi nitataka uisome."

"Nitaisoma."

Akanyanyuka akaniachia kiti. Kwenye kompyuta, habari ya kwanza ilikuwa ya mpwa wangu: mafundi wamefungua milango kama kawaida, wapimaji wa kampuni wako nje wanapima. Mama Pacha akainua vidole kuhesabu. Nikasafisha koo, nikatelezesha mkono mpaka mahali pake, vifundo vikiwa vimetazama mbao.